Usingizi wa Ruhusa

Soko la jumla asubuhi halina adabu. Mikokoteni inapita juu ya vidole vya watu, wapagazi wanapiga mayowe ya "Kando! Kando!", na anayesimama kufikiri husukumwa mpaka afikiri huku anatembea. Katikati ya msukosuko huo alikuwa anapita fundi mmoja wa kike, godoro la sponji limekunjwa begani, gauni la manjano limejaa vipande vya nyuzi, na futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu. Madereva wa malori walimwita Dada Pazia, kwa sababu mapazia na magodoro ya kabini zao aliwashonea yeye.

Muuza zipu akamwita. Akageuka, na godoro likageuka naye. Nyuma yake kukasikika mabeseni ya plastiki yakiporomoka, na katikati ya mabeseni alikuwa ameketi mwanamume wa shati la buluu lililonyooshwa kwa pasi kali, beseni jekundu kichwani.

"Dada," alisema yule mwanamume, wala beseni hakulivua, "wenzako huanza na salamu."

"Na wewe unafuata nini nyuma ya godoro la watu?"

"Nilikuwa nalitamani. Natoka kazini sasa hivi, usiku kucha sijafumba jicho."

"Unatamani godoro?"

"Nilianza na godoro."

Dada Pazia hakutaka kucheka, akacheka. Wakaokota mabeseni pamoja, mwenye mabeseni akiwatukana wote wawili bila upendeleo. Kisha yule mwanamume akashika upande mmoja wa godoro, yeye akashika mwingine, wakatoka nalo sokoni wakibishana nani anamvuta mwenzake. Alikuwa na macho mekundu ya zamu ya usiku, mwanya katikati ya meno ya mbele, na sauti nzito ya taratibu ambayo Dada Pazia alianza kuipenda kabla hawajafika barabarani.

Hapo simu ya yule mwanamume ikalia.

"Umefika wapi?" aliuliza, na ile sauti yote tamu ikakauka. "Hapana, kaka. Huwezi kusimama hapo. Huo ni mzigo wa haraka, maua yanatakiwa yapande ndege. Endelea. Utapumzika ukifika."

Dada Pazia akasimama, na godoro likasimama naye. Sauti hiyo aliijua. Kwa miaka ilikuwa ikitoka kwenye simu ya kaka yake, sebuleni, wakati wa kula, wakati wa kuoga, hata siku walipokuwa wamekaa msibani. Madereva walikuwa wamempachika jina: Umefika Wapi. Sura yake waliijua wachache, kwa kuwa alikuwa mtu wa chumba cha juu cha kampuni ya usafirishaji, mbele ya ramani yenye vidoa. Lori likitembea, kidoa kilikuwa kijani. Likisimama, kiligeuka chekundu, naye alipiga simu. Dereva mwenye mzigo wa haraka hakuruhusiwa kulala mpaka aombe. Ndiyo sheria ya kampuni ile: hata usingizi uliombewa ruhusa.

Kaka yake aliomba. Alikuwa amebeba vifaranga wa siku moja, makasha kwa makasha, na macho yalishaanza kumchezea. Aliomba alale kidogo tu, akaambiwa aendelee. Akaomba tena, akaambiwa aendelee. Watu waliokimbilia kwenye kona lilikopindukia lile lori walikuta vifaranga wametapakaa barabarani wanalia, na dereva amebanwa chini ya usukani. Mguu wa kushoto ulikatwa. Siku alipoweza kusema, neno lake la kwanza halikuwa la maumivu. "Nilimwomba nilale," alisema. "Akaniambia niendelee." Dada Pazia aliapa palepale kitandani pa hospitali kwamba mwenye sauti ile ataijua ladha ya kukosa usingizi.

Na sasa mwenye sauti alikuwa mbele yake, ameshika upande wa pili wa godoro, anatabasamu na mwanya wake.

"Samahani, mambo ya kazi," alisema akiirudisha simu mfukoni. "Tulikuwa tumefika wapi?"

"Ulikuwa unataka kuniomba namba ya simu."

"Mimi?"

"Sasa hutaki?"

Aliitoa simu haraka mpaka nusura imponyoke. Dada Pazia akamtajia namba, kisha akauliza kwa sauti laini ambayo wateja wake hawajapata kuisikia, "Na wewe hulala wakati gani?"

"Mchana. Nikifika nyumbani naoga, najitupa kitandani, mpaka jioni. Kwa nini?"

"Nijue tu. Nisije nikakusumbua."

Alianza siku ileile. Alimwacha aoge, akamwacha ajitupe kitandani, akakisia muda wa usingizi kushika, akapiga.

"Umelala, mpenzi?"

"Hapana, hapana," ilijibu sauti iliyojaa mto. "Nilikuwa nimefumba macho tu. Umesema nani?"

"Nimesema mpenzi. Kama hulitaki nalirudisha."

"Liache hapohapo! Usiliguse!"

"Basi lala. Nitapiga baadaye."

"Usikate. Niambie umevaa nini leo."

"Nimevaa gundi. Nabandika sponji."

"Umependeza."

"Hujaniona."

"Naiona gundi kabisa. Imekukaa vizuri kiunoni."

Akakata simu, akashona pazia moja, akapiga tena. Akashona jingine, akapiga tena. Kila mara yule bwana alipokea, maana mwanamume aliyependa huamka hata akiitwa kaburini, na kila mara alidanganya kwamba hakuwa amelala. Kesho yake vilevile, na keshokutwa, na wiki nzima iliyofuata. Madereva walioleta magodoro yao walimsikia Dada Pazia akicheka na simu, wakakonyezana. Mmoja wao, Mzee Honi, dereva wa mvi aliyewahi kumfundisha kaka yake kazi, alimwambia, "Mwanangu, huyo bwana mwenye bahati ni nani?"

"Utamjua tu, mzee," alijibu huku akikata uzi kwa meno.

Walikuwa wanakutana Jumapili mgahawani. Umefika Wapi alikuja na mashati yake yaliyonyooka, lakini yeye mwenyewe alizidi kupinda. Macho yalimwingia ndani. Siku moja alitia chumvi kwenye chai, akakoroga, akanywa, akasema ni tamu. Siku nyingine alisinzia katikati ya sentensi, kidevu kifuani, na alipozinduka akaimalizia.

"Unaumwa?" Dada Pazia alimuuliza. Alikuwa amejifunga kilemba cha zambarau na kujipaka wanja, na moyoni alikuwa anashangilia.

"Naumwa wewe. Nikilala unapiga, usipopiga nakaa macho nikisubiri upige. Shangazi angeniona angesema nimerogwa."

"Shangazi gani?"

Akamsimulia. Mama yake alifariki yeye angali anatambaa, akalelewa na shangazi mwenye mdomo mkali aliyekuwa hamruhusu kupanda kitandani mpaka amkague miguu kama imeoshwa. Alimwigiza shangazi, mikono kiunoni, sauti ya juu, na watu wa meza za jirani wakacheka. Dada Pazia naye alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Njiani kurudi nyumbani alijikuta bado anacheka peke yake, akakasirika.

Tatizo likaanza hapo. Zilikuja siku alizopiga simu akasahau kuchukia. Alipiga kumsumbua, akaishia kumweleza habari za mteja mkorofi, na yule bwana akamcheka mteja kwa sauti ya kitandani, nzito na ya karibu, mpaka sindano ikamchoma Dada Pazia kidole. Kisha alirudi nyumbani jioni, vyumba vyao viwili, akaona magongo yameegemezwa ukutani na kaka yake amekaa karibu na redio iliyozimwa. Aliyaangalia magongo mpaka hasira ikamrudia yote. Kesho yake alizidisha simu.

Asubuhi moja simu ilipigwa kutoka upande wa pili. Dada Pazia alikuwa ndiyo kwanza anafungua kibanda.

"Nililala," alisema Umefika Wapi. Alikuwa analia, mwanamume mzima. "Mpenzi, nililala mezani. Sijawahi, tangu niajiriwe sijawahi. Dereva alipiga kuomba alale, sikusikia. Akapiga tena, sikusikia. Akaogopa kusimama bila ruhusa, akaendelea. Ameingia korongoni na dawa za hospitali."

Dada Pazia alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi kwanza. Kile alichokipanga kilikuwa kimetimia vizuri kuliko alivyokipanga, na moyo wake ukaruka. Furaha hiyo haikudumu hata pumzi mbili.

"Dereva gani?"

"Yule mkongwe wetu. Mzee Honi. Yuko hai, mbavu zimevunjika na mkono. Nilipoamka kidoa chake kilikuwa kimesimama chekundu, mimi nimelalia simu."

Dada Pazia alikaa juu ya godoro la mtu. Pazia la Mzee Honi alilishona yeye, lenye maua ya njano, kwa sababu mjukuu wake alikuja mwenyewe akachagua. Akajaribu kuitafuta ile chuki imsaidie, imwambie kwamba mwenye kosa ni mwenye sauti. Haikumsaidia kitu. Aliyemkosesha mzee wa watu ruhusa ya kulala safari hii alikuwa yeye.

Alifunga kibanda, akarudi nyumbani, akamweleza kaka yake mambo yote, tangu mabeseni mpaka korongo. Alitegemea ataambiwa pole. Kaka yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikutuma?"

"Kaka, nilikuwa nakulipizia..."

"Nimekuuliza nani alikutuma! Mguu wa nani ule? Kisasi kile kilikuwa changu. Nilikuwa nakaa hapa kila siku nakipanga, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Wewe ukakichukua, ukaenda kukimwaga juu ya Mzee Honi! Mzee aliyeniweka kwenye usukani!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Nipe magongo."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa bosi wao. Hizo simu zako hazikuwahi kumfikia, sivyo? Nipe magongo."

Uwanja wa kampuni ulikuwa umejaa. Malori yamepangwa ubavu kwa ubavu, madereva wamesimama makundi makundi wakiwa na nguo za safari, na mbele yao bosi, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa juu ya ardhi iliyolowa oili. Pembeni yake alisimama Umefika Wapi. Kwa mara ya kwanza shati lake halikuwa limepigwa pasi.

"Mtazameni vizuri," bosi alikuwa anasema. "Huyu alilala kazini. Mwenzenu yuko wodini kwa uzembe wake, na dawa za wagonjwa zimeharibika. Polisi wako njiani. Mimi sifugi wauaji."

Madereva wakaguna. Walikuwa wamemchukia mwenye sauti ile miaka mingi, na leo wameletewa sura. Mmoja akamtemea mate karibu na kiatu. Dada Pazia angeweza kusimama pale langoni akakaa kimya, na kisasi chake kingekwisha vizuri kabisa, bila yeye kunyoosha kidole. Mtu wake angefungwa. Yeye angerudi kushona.

"Kumnyima usingizi nilimnyima mimi," alisema kwa sauti kubwa.

Vichwa vyote vikageuka. Akapita katikati yao, na gauni lake la kazi na futi shingoni, kaka yake nyuma yake akigonga magongo.

"Nilikuwa nampigia simu mchana kutwa, kila akishikwa na usingizi. Sikumpigia kwa mapenzi. Nilimpigia kwa sababu kaka yangu huyu aliomba alale akakataliwa, na leo mguu wake uko kaburini, yeye yuko hapa. Nilitaka naye aonje. Mzee Honi nimemuumiza mimi. Mnaotaka kutema mate, temeni huku."

Umefika Wapi alimtazama yeye, kisha akamtazama kaka yake, kisha lile gongo la kushoto. Alikuwa hajawahi kumwona yule dereva. Alimjua kwa sauti na kwa kidoa.

"Wewe ndiye wa vifaranga," alisema.

"Ndiye mimi. Umeniona?"

"Usiku ule nilimpigia huyu," alisema Umefika Wapi, akamnyooshea bosi kidole. "Nikamwambia dereva amechoka, ameomba mara mbili. Akaniambia vifaranga wakifa, mimi na dereva hatuna kazi. Nikaifikiria kazi yangu. Nikakuambia uendelee. Maneno yalikuwa ya bosi, lakini mdomo ulikuwa wangu."

"Mwongo!" bosi aliruka. "Mfanyakazi ameona kifungo kinakuja anatapatapa! Nani mwingine amewahi kukataliwa kupumzika hapa? Nani?"

Hilo ndilo kosa alilolifanya, kuuliza. Dereva mmoja mnene wa nyuma akasema, "Mimi." Akasema mwingine, "Mimi, na homa juu." Akasema mwingine, "Mimi, nimebeba oksijeni." Wakaanza kusogea mbele, kila mmoja na siku yake na kona yake, na kila aliyesema alichomoa ufunguo wa lori mfukoni akautupa juu ya boneti ya gari la bosi, rangi ikichubuka. Bosi alikuwa anaokota funguo na kuzirudisha kwa watu wasiozipokea, jasho likimpita shingoni mpaka kwenye tai. Polisi walikuja kumchukua mtu mmoja, wakaondoka na wawili. Dada Pazia alimtazama yule wa suti akiinamishwa kichwa kuingizwa garini, akasikia utamu mpaka kwenye ulimi, wala hakuona haya.

Umefika Wapi alipopitishwa karibu naye alisimama.

"Katika simu zote zile," alimuuliza polepole, "kuna hata moja uliyonipigia kwa kunipenda?"

"Zipo."

"Zipi?"

"Ningejua zipi nisingezipiga."

Akatikisa kichwa, akaingia garini bila kugeuka.

Polisi waliwaandikisha maelezo, na Umefika Wapi akaachiwa akisubiri kesi. Wakaguzi wa usalama barabarani walifunga lango la kampuni kwa mnyororo, na bosi akabaki kuhangaika na mawakili. Madereva walitawanyika wakapata kazi kwingine. Mzee Honi alitoka wodini na mkono uliofungwa plasta, akaja mwenyewe kibandani, akamgombeza Dada Pazia asubuhi nzima, kisha akamwagiza pazia jipya. Simu ya Dada Pazia ikakaa kimya. Mchana aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akashona, akaigeuza tena. Alimtaka yule mtu. Alitaka kusikia habari za shangazi. Na bado akiona magongo alitaka kumpiga nayo.

Siku aliyokuja ilikuwa alasiri. Alibisha hodi akiwa na shati jeupe jipya, mikunjo ya dukani ingalipo kifuani. Dada Pazia alifungua mlango nusu.

"Umenenepa," alisema.

"Siku hizi nalala. Hakuna anayepiga."

"Unataka nini?"

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa kaka yako. Kwako nitafika baadaye, nikiruhusiwa."

Kaka yake alikuwa barazani upande wa uani, kwenye kiti chake. Hakumkaribisha. Umefika Wapi alisimama juani, mikono mbele kama mwanafunzi, na Dada Pazia akajibana nyuma ya pazia la mlango.

"Kaka," alianza yule mgeni, "sina baba wala mama, nina shangazi tu, naye amesema nije kwanza mwenyewe, kwa sababu kosa ni langu mwenyewe. Nimekuja kukuomba radhi. Na nimekuja kukuomba dada yako. Nataka kumwoa."

Kaka yake alimtazama kuanzia kiatu mpaka nywele.

"Niliomba nilale kidogo," alisema, "ukaniambia niendelee. Sasa na wewe endelea kuomba. Njoo kesho."

Kesho yake akaja. Akasimama palepale, akaomba vilevile, akaambiwa aje kesho. Akaja. Ilifika mahali majirani wakawa wanatega masikio muda huo, na watoto wa jirani wakayashika maneno kwa moyo. Dada Pazia alimletea maji ya kunywa mara moja, kaka yake akamkaripia ayarudishe ndani, akayarudisha. Usiku alimwambia kaka yake kwamba inatosha sasa. "Kwako imetosha," alijibiwa. "Kwangu bado." Hakumbishia tena, kwa kuwa safari hii kisasi kilikuwa mikononi mwa mwenyewe.

Siku moja jua lilikuwa kali kupita kiasi. Umefika Wapi alisimama akaomba, jasho limelowanisha shati lote, akihamisha uzito toka mguu mmoja kwenda mwingine. Kaka yake aliangalia hiyo miguu ikipokezana. Aliiangalia mpaka Dada Pazia akaogopa, akatoka nyuma ya pazia.

"Dada," kaka yake aliita bila kuondoa macho, "mletee kiti."

Akakileta mbio. Umefika Wapi hakuthubutu kukikalia.

"Kaa, shemeji," alisema kaka yake. "Wewe ndiye mwenye miguu miwili ya kuchoka."